Lori Lililolia Likiwa na Mzigo

Tumemzika Zakaria Mgaya mwezi uliopita, Iyunga, nyuma ya kanisa lao. Nilitoka Nyololo na mjukuu wangu Gwamaka, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo na amenunua gari dogo jeusi. Tulijaa humo ndani: Gwamaka, mkewe Neema, binti yangu Subilaga, mimi, na nyuma gunia la viazi na debe mbili za mahindi za kupeleka msibani. Kwenye tambarare ya Chimala gari lilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda kuelekea Uyole likaanza kugonga chini ya miguu yangu. Gwamaka akikanyaga mafuta linagonga, akiachia linanyamaza. Yeye akaongeza sauti ya redio. Nikamwambia, "Punguza hiyo redio, gari lako linasema." Akasema, "Bibi, juzi tu nimelipeleka kwa fundi. Kalizungusha mji mzima, kasema halina kitu." Nikamuuliza, "Alilizungusha na nani ndani?" "Na nani tena? Peke yake." Subilaga akacheka, maana hadithi hii anaijua nusu. Nusu ya pili alikuwa anaijua Zakaria, na huyo ndiye tuliyekuwa tunakwenda kumzika. Nikaona niiandike kabla na mimi sijafuata.

Habari za kuzaliwa kwangu, na baba, na mama, na ng'ombe wangapi walikwenda wapi, siziandiki. Kila mtu ana hizo. Shule nilisoma madarasa mawili kwa wamisionari, kwa hiyo mwandiko wangu ni wa kuvumilia. Naandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka nilioolewa na kupelekwa Iringa, katikati ya miaka ya hamsini, Uhuru bado. Watu wa mwaka ule nawakumbuka wote kwa majina yao. Mume wangu Ambakisye. Zakaria Mgaya, Mbena, utingo wa lori. Fundi Salehe, mwenye gereji pale Miyomboni, ambaye babu yake alitoka Pangani, na mkewe Bi Zubeda. Bwana Nasoro, Mwarabu mwenye lori. Anabaki mmoja, dereva wa lori lile, naye alikuwa baba mkwe wangu. Jina lake nalo nalikumbuka, lakini sitaliandika.

Kwetu Unyakyusa, wakati ule, mkamwana na baba mkwe walikuwa hawaonani. Si ugomvi, ni heshima, sisi tunaita ukutila. Akija njiani wewe unaingia kwenye migomba, unachuchumaa, unampa mgongo mpaka apite. Husemi naye, hugusi kitu alichokalia, jina lake halipiti mdomoni mwako, na neno linalofanana na jina lake unalikwepa, unatafuta lingine. Na yeye hivyo hivyo, akisikia uko nyuma ya nyumba anakohoa kwanza, anazunguka mbali. Ukivunja, baba yako anatoa ng'ombe wa kusafisha, na wanawake wanaanza kukuangalia tumbo, wakingoja waone kama litakataa kushika mimba. Siku hizi wakamwana wanakaa sebuleni na wakwe zao wanaangalia televisheni. Neema huwa anambishia mkwe wake juu ya habari za mpira. Sisemi ni vibaya. Nasema sisi hatukulelewa hivyo, na mwili uliofunzwa hausahau.

Basi Ambakisye alikuwa Iringa anajifunza umakanika kwa Fundi Salehe, akatuma watu waseme mke wake apelekwe. Mabasi yalikuwa ya shida, na lori lililokuwa linakwenda Iringa na kurudi lilikuwa linaendeshwa na baba yake. Wazee wakakaa, wakazungumza, wakaona njia. Mimi nitapanda nyuma, katikati ya magunia, nimegeuzia mgongo kebini, turubai juu yangu. Zakaria atakuwa mtu wa kati. Nikitaka kushuka, Zakaria atapiga bodi kwa kiganja, na dereva atakaa palepale anaangalia mbele mpaka bodi lipigwe tena. Ndivyo tulivyotoka Mbeya sokoni asubuhi moja ya baridi, mimi na sufuria mpya ya alumini mapajani, yenye mfuniko, zawadi ya shangazi yangu Tumpe.

Chimala tulipakia mchele wa Usangu mpaka lori likakaa chini. Tangu hapo mfuniko wa sufuria yangu ukaanza kutetemeka kwa namna yake. Kwenye mteremko ulikuwa kimya, kwenye tambarare kimya, lakini dereva akianza kuvuta kupanda, ulilia trrr, na chini ya ubao niliokalia kitu kilikuwa kinagonga, du-du-du, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi akiwa ndani ya gunia. Nikauweka mkono kwenye ubao. Nikajisogeza mbele kuelekea kebini, pale hapakugonga sana. Nikajisogeza nyuma kwenye magurudumu, pale palikuwa pametulia kuliko mbele. Katikati ndipo kwenyewe. Sikufanya hivyo kwa akili ya ufundi, nilikuwa natafuta mahali pa kukaa makalio yasiniume. Wala sikumwambia mtu, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda lori. Nilidhani malori yote yanafanya hivyo yakipanda, kama mtu anavyohema.

Tulipumzika Nyololo. Zakaria akapiga bodi, nikashuka, nikaingia kichakani, nikarudi. Akaniletea viazi vya kuchoma kwenye jani na kikombe cha uji. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, shati limefungwa kwa waya mahali pa kifungo. Akasema, "Shemeji, mzee anauliza kama mchele bado una mtu." Nikasema, "Mwambie yupo, ila meno yote yamelegea." Akaenda mbele, nikamsikia anacheka, halafu nikasikia sauti ya mtu mzima, nzito, inasema taratibu: "Wewe usukani, barabara ya kutoka hapa ni afadhali kidogo." Basi nikajua ananiambia mimi. Hakuwa na ruhusa ya kusema nami, lakini kusema na usukani wake hakuna aliyemkataza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake.

Gereji ya Fundi Salehe ilikuwa uwanja wenye ukuta wa matofali mabichi, shimo la kuingilia chini ya magari, na mstari wa vyumba upande mmoja. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho. Dari ya matete, sakafu niliyoipaka udongo mwenyewe, kitanda cha kamba, na msumari wa kutundikia suruali za Ambakisye ambazo zilinuka grisi hata zikishafuliwa. Ukuta wa pili ulikuwa wa baraza ya Fundi, na matofali yale yalikuwa hayazuii kitu. Wakinywa kahawa nasikia vikombe. Wakisemana nasikia pumzi. Bi Zubeda alinipokea vizuri. Alinifundisha kukuna nazi, ambazo zililetwa na malori kutoka pwani, nami nikampikia mbalaga ya ndizi na nyama. Akaonja, akasema, "Mwanangu Tupokigwe, hii ndizi yenu ingepata tui ingekuwa chakula." Mimi nikaona wali wake una mafuta mengi. Tukala hivyo hivyo, kila mmoja akisifu cha mwenzake kwa adabu, mpaka mwaka ukaisha sote tumezoea.

Mara ya kwanza lori kuletwa gereji kwa ajili ya mlio, mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Nikaingia ndani upesi, nikafunga, maana mwenyewe alikuwa analiendesha. Nikasikia yote kwa ukutani. Fundi Salehe akawasha injini, akaipigisha kelele, akaizima, akaiwasha tena. Akalitoa, akazunguka soko, akarudi. "Dereva," akasema, "mimi sisikii kitu." Yule mzee akasema, "Lipo. Nikikanyaga mafuta kupanda, linakuja mguuni." Sasa ujue, baba mkwe wangu alikuwa ameendesha malori ya Keya, jeshi la Mwingereza, kwenye vita vya Burma, akarudi na sikio la kushoto limekufa na la kulia linasikia nusu. Fundi akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Jamani! Kiziwi ndiye anayesikia, sisi wenye masikio tumekaa kama magogo." Na wengine uwanjani wakacheka, Ambakisye pia nilimsikia kicheko chake, kifupi, cha mtu anayemcheka baba yake mbele ya mwajiri. Nikawa nimeshika ungo, nafikiri: mlio gani huo wanaoutafuta?

Mara ya pili walifungua injini. Walikaa nayo mpaka Bi Zubeda akalalamika kwamba sinia zake zote zimejaa misumari na springi. Wakasafisha kabureta, wakabadilisha plagi, wakakaza kila kilichokazika. Lori likaondoka tupu linalia vizuri kama cherehani, likaenda Mbeya kupakia, likarudi, na dereva akasema neno lile lile: "Lipo." Zakaria naye alisema lipo, lakini nani angemsikiliza? Yeye safari nzima alikaa juu ya turubai upepo unampiga, na mlimani alikuwa amening'inia nyuma na gogo lake tayari kuliweka kwenye gurudumu. Tena utingo hula sahani moja na dereva wake, neno lake linahesabiwa ni la dereva.

Mara ya tatu alikuja Bwana Nasoro mwenyewe. Nilikuwa namenya ndizi. Nilimsikia akivuta kiti barazani, akanywa kahawa bila haraka, akamuuliza Fundi, "Gari langu lina nini?" Fundi akasema, "Wallahi, Bwana Nasoro, mimi sijaona." "Basi mwenye ugonjwa si gari. Mzee yule nampenda, kanitumikia. Lakini dereva akishaanza kuliogopa gari lake, halimfai tena, wala yeye halifai. Ameondoka jana kwenda Mbeya. Akirudi na neno hilo tena, funguo nampa Idi." Idi alikuwa kijana wa pale mjini, dereva wa matangi ya mafuta ya taa, mwepesi wa breki na wa maneno. Fundi akasema polepole, "Yule mzee ukimtoa kwenye lori unamzika." Bwana Nasoro akasema, "Wote tutazikwa," akamaliza kahawa yake.

Leo nikiwaza naona alikuwa hakusema vibaya. Mali ni yake, na hata mimi ningemwamini fundi kuliko kiziwi. Lakini siku ile nilikaa na ndizi imemenywa nusu mkononi, ikawa nyeusi. Nilikuwa nimeshakaa Iringa muda wa kutosha kusikia malori mengine. Yalipita yamejaa mahindi, yamejaa mbao, yakapanda, wala hayakugonga vile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kitu walichokuwa wanakitafuta mimi nilikuwa nimekikalia kutoka Chimala mpaka Iringa. Na nikaelewa kwa nini hawakioni. Lori lilikuwa linashusha mchele kwanza kwenye ghala la Bwana Nasoro, ndipo linaletwa gereji likiwa jepesi. Lilikuwa linalia likiwa na mzigo tu.

Jioni nikamwambia Ambakisye. Alikuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa na majivu. Akaniangalia kama nimemwagia maji kitandani. "Wewe unazungumza mambo ya baba yangu?" Nikasema, "Sizungumzi ya baba. Nazungumza ya lori." "Lori la nani? Unataka niende kwa Fundi, mwalimu wangu, nimwambie mke wangu kasema hukuliangalia vizuri? Na baba akisikia kwamba mkamwana wake alikuwa anapapasa mbao nyuma ya mgongo wake?" Nikasema, "Basi Idi ataendesha." Alikula ugali wake wa ulezi na maziwa, akalala akiangalia ukuta. Sikumlaumu, wala simlaumu sasa. Alikuwa amebanwa katikati ya wazee wawili.

Kesho yake nilimwambia Bi Zubeda, tukiwa tunasugua sufuria kwa mchanga. Yeye alikuwa mtu wa pwani kwa asili, mambo ya kukwepana na mkwe aliyaona kichekesho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Pale unapopajua, ungepaonyesha ukipaona tena?" Nikasema ningepaonyesha hata nimefumba macho. Mchana Fundi alipokaa kula, nikasikia kwa ukutani. "Baba Asha." "Naam." "Mtu akikuambia mgongo unamuuma akiinua gunia, wewe utamlaza kitandani ndio umpime?" Kijiko kikagusa sahani. "Nani kakuambia maneno hayo?" "Kula wali. Lori lile umelisikiliza lini likiwa na magunia?" Halafu Fundi Salehe akasema, "Subhanallah," akaomba maji ya kunawa, wala hakumaliza sahani.

Ukitoka Mbeya, kabla hujaingia Iringa mjini, unapita Ipogolo, chini kwenye Mto Ruaha, halafu unaupanda mlima mpaka juu. Fundi akasema lori lazima likamatwe pale chini, likiwa bado na mzigo, kwa sababu likishafika juu linakwenda moja kwa moja ghalani kwa Bwana Nasoro, na mambo yameisha. Basi siku lori lilipotarajiwa tulishuka Ipogolo kwa miguu: Fundi mbele na spana zake kwenye mfuko wa gunia, Ambakisye nyuma yake ameinamisha kichwa, Bi Zubeda na buibui lake akilalamikia mawe, na mimi na sufuria yangu. Bi Zubeda alikuja kwa sababu nisingeweza kupanda nyuma ya lori na wanaume peke yangu. Tukakaa kwa mama mmoja Mhehe, Mama Kalinga, aliyekuwa anauza chai na viazi karibu na daraja. Akatusalimia, "Kamwene," akatutazama na spana zetu na sufuria, akauliza, "Nyie mnahama au mnakwenda kupika?" Bi Zubeda akasema, "Tunakwenda kusikiliza." Mama Kalinga akamimina chai bila kuuliza zaidi.

Lori likaja jua likiwa juu bado. Fundi akalisimamisha barabarani. Mimi nilishageuka, uso kwenye mti, kanga kichwani. Nikamsikia Fundi akieleza karibu na sikio la kulia, kwa sauti kubwa: kwamba anataka kupanda nyuma, kwamba kuna mtu atamwonyesha mahali. Baba mkwe akauliza, "Mtu gani?" Ndipo Ambakisye, ambaye tangu asubuhi hakusema kitu, akasema, "Baba, ni yule aliyekuja na mchele." Nilihesabu kwamba sasa atakataa, na angekataa hakuna ambaye angemlaumu. Mlango wa kebini ukafungwa. Akasema, "Wewe usukani, tutapanda taratibu." Zakaria akapiga bodi. Tukapanda.

Tulikaa juu ya magunia, tukayasogeza mpaka tukaufikia ubao. Bi Zubeda alishika turubai kwa mikono miwili, anasoma dua. Kwenye tambarare palikuwa kimya, na Fundi akaniangalia kwa jicho moja. Halafu mlima ukaanza, dereva akabadilisha gia, akakanyaga, na mfuniko wa sufuria yangu ukalia trrr. Nikauweka mkono katikati. "Hapa." Fundi Salehe akalala kifudifudi kwenye vumbi la mchele, kofia ikaanguka, akaweka sikio pale mkono wangu ulipokuwa. Nikaona uso wake unabadilika. Akapaza sauti, "Mwambie aachie mafuta!" Zakaria akapiga kelele mbele, dereva akaachia, ngumi ikanyamaza. "Akanyage!" Ikarudi. "Aachie! Akanyage!" Tulipanda mlima wa Ipogolo hivyo, lori linaruka kama sungura, watu wa barabarani wanasimama kututazama, na Fundi amelala chini anacheka peke yake. "Propela!" akasema. "Ni propela, mimi natafuta injini! Dada, wewe ulidhani ni nini?" Nikamwambia kweli, kwamba nilidhani jiwe limenasa. Akasema, "Jiwe lingekuwa na huruma."

Tukasimama sehemu pana, karibu na juu. Fundi na Ambakisye wakaingia chini. Kuna chuma kirefu kinachotoka mbele kwenye injini kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, hicho ndicho propela, nacho katikati kimeungwa kwa kiungo wanachokiita krosi, na kimeshikwa na bolti juu ya fremu. Bolti zilikuwa zimelegea, na krosi ilikuwa imekula vyuma vyake mpaka ikatoa unga mwekundu kama pilipili. Lori likiwa tupu chuma kinakaa sawa, hakisemi. Mzigo ukilikalisha chini na dereva akivuta, kinajikunja na kugonga. Ambakisye alitoka chini ana unga huo kwenye kiganja. Nilimsikia anasema, na sauti yake haikuwa ile ya kicheko kifupi: "Baba, lingekatika. Lingekatika ukiwa mlimani, likachoma ardhi, likakupindua." Na baba yake akasema tu, "Nilisema lipo."

Sasa likatokea jambo ambalo Zakaria alilicheka mpaka uzee wake. Baba mkwe, kwa furaha au kwa nini sijui, akasahau. Akashika mkono wa mtoto wake, akauangalia ule unga, akaja nyuma ya lori haraka haraka, naye hakuwa mtu wa haraka. Mimi nilikuwa nimeshakaa ukingoni, miguu inaning'inia. Nikasikia viatu. Nikajitupa nyuma ya magunia, sufuria ikaanguka barabarani, mfuniko ukaviringika kuelekea chini. Viatu vikasimama. Kisha vikageuka, nikasikia changarawe zinasagika. Mzee akasimama amelipa lori mgongo, mbele yake gurudumu la akiba lililokuwa limeteremshwa chini. Akaliambia gurudumu, kwa Kinyakyusa, polepole, kila neno mahali pake: "Wewe gurudumu, nimesikia. Mguu wangu haukusema uongo. Ndaga fijo." Ahsante sana, ndiyo maana yake. Mimi nyuma ya magunia nikaweka mdomo karibu na mchele, nikaliambia gunia: "Ndaga, gunia." Fundi Salehe akatoa kichwa chini ya lori, akatuangalia, mzee na gurudumu, mwanamke na gunia. Akamwambia mkewe, "Zubeda, twende nyumbani. Hawa watu wa Tukuyu wamekuwa wazimu wote wawili." Zakaria alikuwa ameshakimbilia mfuniko wangu bondeni, anacheka huku anateleza.

Bwana Nasoro alikuja palepale mlimani, maana habari zilimfikia kwamba lori lake linaruka. Akashika krosi, akaigeuza mkononi. Hakuomba radhi, na hakuna aliyetegemea aombe. Akamwambia dereva, "Mzee, ikipatikana nyingine, utaondoka Jumatatu." Idi akabaki na matangi yake.

Mwezi uliofuata nilirudi Mbeya kwa muda, mama yangu akiwa mgonjwa. Zakaria alipofungua mlango wa nyuma nikakuta pale katikati, kwenye ubao ule ule, pamepigiliwa kijikiti cha mbao chenye ngozi ya mbuzi juu, kimegeuzwa mgongo kwa kebini. Nikauliza nani kaweka. Zakaria akasema, "Sijui, shemeji. Mzee aliongea na nyundo siku nzima." Nilikalia kijikiti kile kila safari niliyosafiri na lori lile. Halikugonga tena mahali pale. Baba mkwe aliendesha mpaka macho nayo yakaanza kufifia, baada ya Uhuru, akarudi kwenye migomba yake akafa akiwa amelala. Siku ya mazishi wakamwana tulikaa upande wetu, kanga zimefunika nyuso. Ambakisye alilia sana. Mimi nililia ndani ya kanga, nikiililia sauti niliyoijua, maana mtu mwenyewe sikuwahi kumwona.

Mwezi uliopita sasa, Iyunga, baada ya kuzika, watoto wa Zakaria walituletea chai na wakatoa picha za baba yao. Moja ilikuwa ya zamani, pembe zimeliwa. Lori, na wanaume watatu mbele yake. Zakaria nilimjua mara moja kwa urefu na kwa waya kwenye shati. Wa katikati alikuwa Fundi Salehe na kofia yake. Neema akaniinamia. "Bibi, na huyu wa tatu nani?" Nikaangalia kabla sijafikiri. Alikuwa mtu mfupi. Siku zote nilimdhani mrefu, kwa sababu ya sauti. Amesimama kichwa amekiinamisha kuelekea boneti, sikio la kulia limegeukia injini, kama mtu anayengoja aambiwe. Nikaigeuza picha kifudifudi mezani. Mikono ilifanya yenyewe. "Bibi, ni nani?" Gwamaka naye akasogea, na Subilaga akaangalia pembeni, maana anajua. Nikaligeukia birika la chai lililokuwa karibu yangu. Nikaliambia, kwa Kinyakyusa, "Wewe birika, nimekuona. Ndaga fijo." Halafu nikamwomba Neema animiminie.